Koneketa ni koneketa tu? Acheni hizo!

Najua nimepotea, testi zilinikaba koo. Leo sina stori za kantini, nina hasira na sentensi moja niliyoisikia juzi hapa hosteli: "Koneketa ya waya wa dishi ni koneketa tu, chukua ya bei poa." Aliyesema ni mshikaji wangu wa uhandisi, tena mwaka wa tatu! Nikamwambia kaka, ngoja nikaandike, tusije tukagombana bure.

Nianzie nyumbani, Dimani kule Kibiti. Likizo iliyopita nimemkuta mjomba hana raha. Tivii inaonyesha chaneli nusu tu, zilizobaki hakuna mawimbi. Fundi kaja na bodaboda, kala nauli, kaangalia dakika tano, kasema king'amuzi kimekufa, nunua kingine. Basi mjomba wa watu akawa anasubiri korosho ziuzwe!

"Mjomba, naomba nipande kwenye dishi."

"Panda mwanangu, ila ukinitobolea bati shauri yako."

Kufungua ile koneketa ya kuzungusha kwa mkono, ndani kijani tupu. Waya wa katikati umeliwa na kutu. Nikakata kipande, nikachuna upya, nikafunga nyingine. Chaneli zote zikarudi. King'amuzi kizima kabisa, jamani.

Sasa kwa nini zilipotea nusu? Waya wa dishi hauteremshi mawimbi tu, king'amuzi nacho kinapandisha umeme humo humo. Volti 13 kwa chaneli za wima, 18 kwa za mlalo. Kutu inakula volti njiani, 18 ikifika juu imeshuka, LNB inadhani imeombwa 13, za mlalo kwaheri. Umeme, maji ya mvua na upepo wa chumvi wa delta vikikutana juu ya paa, kutu hailali. Huyu mshikaji koneketa yake iko ndani, nyuma ya tivii, haijawahi kuona mvua, halafu anatoa fatwa kwa watu wa Rufiji!

Wapo na wa upande wa pili, masharobaro wa omu, wanaodai bei rahisi mbaya kwa sababu haijatimiza omu 75. Nao waache. Hata ukiunga waya wa omu 50 na wa omu 75, nguvu inayorudi nyuma ni asilimia 4. Chukua 25, gawanya kwa 125, kisha zidisha jibu kwa lenyewe, uone. Adui ni maji, siyo omu.

Mimi sitemi mate kwenye vya bei nafuu, bumu lenyewe mnalijua. Ila pima. Kwenye koneketa ya F pini ni ule ule waya wa katikati, kwa hiyo nenda dukani na sumaku. Ikinasa, huo ni chuma kilichopakwa shaba, na pale unapokata chuma kinabaki uchi. Funga, halafu vuta kwa nguvu. Ikichomoka mkononi mwako, kwenye upepo itakaa? Wenye redio za VHF kwenye boti, zile PL-259 ziguse na pasi ya kulehemu. Plastiki mbovu inayeyuka na pini inalala upande, wakati Tefloni haiyeyuki mpaka nyuzi 327.

Ndani ya nyumba weka hata ya kuzungusha, sikulaumu. Juu ya paa nunua ya kubana kwa koleo lake, yenye mpira ndani, na uache waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondokee nje. Koleo ni ghali, kweli, lakini mtaa mzima unaweza kuchangia moja.

Mjomba kanibipu jana. Majirani wanataka koneketa sita, na fundi yule kaulizia bei.