Utafiti wa kompyuta wahitaji subira

MCHUUZI wa samaki mjini Mbita, Homa Bay, anapomwandikia mteja wake Migori kupitia WhatsApp, hutegemea Erlang. Lugha hiyo ya kuundia programu za kompyuta ilianza kubuniwa mwaka wa 1986 na Joe Armstrong na wenzake katika maabara ya Ericsson, Uswidi. Ndani yake, thamani ikishawekwa haibadilishwi, na hitilafu ya sehemu moja haiangushi mfumo mzima.

Hata hivyo, mwaka wa 1998 kitengo kimoja cha Ericsson kiliipiga marufuku katika bidhaa mpya. Mwaka huo huo ikatolewa bure kwa umma, na wabunifu wake kadhaa wakahama. WhatsApp, iliyoanzishwa 2009, ndiyo iliyovuna.

Vyuo vikuu vya Rongo, Migori, na Tom Mboya, Homa Bay, visiwapime watafiti wao kwa bajeti ya mwaka mmoja. Manufaa ya Erlang yalichukua zaidi ya miaka 20 kufika Mbita.