Kalemie: Video ikikwama Zongwe, kosa si la mtandao kila mara

Picha inageuka kijani kisha inasimama, huku sauti ikiendelea. Huko Zongwe, Kalemie, katika jimbo la Tanganyika, ni rahisi kulaumu mtandao. Lakini kama video imekwisha kushuka yote, na kwenye simu nyingine inaonekana vizuri, kosa liko ndani ya simu.

Ili kuokoa batri, simu huachia sehemu maalumu ya chipu kazi ya kufungua video. Programu inayoiongoza ikiwa na kasoro, picha huvurugika.

Hatari inaweza kuzidi hapo. Julai 2015, kampuni ya Zimperium ilitangaza kasoro katika Stagefright, sehemu ya Android inayoshughulikia video. Ujumbe mmoja wenye video uliweza kumfungulia mvamizi simu. Simu milioni 950 zilikadiriwa kuwa hatarini. Google ilitoa marekebisho, na tangu Agosti mwaka huo ikaanza kuyatoa kila mwezi.

Shida ni safari yake. Marekebisho hupita kwa watengenezaji wa chipu na wa simu kabla ya kumfikia mnunuzi, naye analipa mega za kuyashusha. Simu ya zamani au ya bei ndogo huachwa njiani mapema.

Kuzima msaada wa chipu ndani ya programu ya VLC kunaweza kurudisha picha, ila batri itaisha upesi, na kasoro nyingine za simu zitabaki. Swali la kuuliza dukani, kabla ya bei: simu hii itapata marekebisho hadi mwaka gani?