Programu ya picha: anayeingia aulizie pa kutokea

Mwaka 2005 Apple iliingiza sokoni Aperture, programu ya kupanga na kuhariri picha, kwa dola 499. Wapigapicha wengi waliipenda, wakahamishia humo kazi zao zote. Juni 2014 kampuni hiyo ikatangaza kwamba haitaiendeleza tena, na mwaka 2019 ulipotoka mfumo wa Catalina, Aperture ikagoma kufunguka kwenye Mac zenye mfumo huo. Apple iliwaelekeza watumiaji wake kwenye Photos, programu nyepesi zaidi. Waliochagua Lightroom, programu ya Adobe, walivuka na picha zao pamoja na nyota walizozipa, marekebisho yakabaki nyuma: mwanga ulioongezwa, ngozi zilizosawazishwa, kazi ya usiku mwingi.

Kisa hicho kingestahili kutangulia katika kila ubishi wa programu ipi ni bora. Ubishi wenyewe hutawaliwa na rangi, kasi na bei. Hayo yana uzito wake, lakini programu kubwa za leo zimekaribiana mno, na bibi harusi anayefunua albamu hawezi kujua picha yake ilipitia ipi. Swali ambalo wengi hujiuliza wakiwa wamechelewa ni jingine: siku mtu akitaka kuhama, atatoka na nini?

Jibu liko katika namna programu hizi zinavyofanya kazi. Faili ya RAW hutunza karibu yote yaliyonaswa na kamera. Kwa kamera ya biti 14, kila rangi ina ngazi 16,384 za mwanga, wakati JPEG ina 256 tu. Lightroom, Capture One na darktable haziigusi faili hiyo. Zinaandika maagizo, kwamba mwanga uongezwe kiasi hiki na ukingo ukatwe hapa, kisha zinayatekeleza upya kila picha inapofunguliwa. Maagizo hayo ndiyo uhariri wenyewe.

Yanakaa wapi? Lightroom Classic huyaweka kwenye katalogi, faili ya hifadhidata. Ndani ya mipangilio yake kuna kisanduku cha kuiamuru iandike nakala pembeni ya picha, katika faili ya XMP, na kisanduku hicho huja kikiwa hakijawekewa tiki. darktable, ambayo ni ya bure, huandika faili hiyo bila kuombwa: kwenye folda, jirani ya DSC_0412.NEF, huonekana DSC_0412.NEF.xmp, kitu cha kilobaiti chache. Faili zote mbili hufunguka hata kwa Notepad. Ya darktable imejaa herufi zisizosomeka, lakini katika ile ya Lightroom mtu ataona Exposure2012 na mbele yake +0.50, yaani nusu stopu ya mwanga, imeandikwa wazi kabisa.

Hata hivyo, asidanganyike mtu. darktable husoma nyota, maneno ya utafutaji na baadhi ya marekebisho ya Lightroom, lakini rangi hazitoki vilevile, kwa kuwa kila programu ina hesabu zake. Anayehama lazima apoteze kitu. Cha kuamua ni kiasi gani.

Halafu kuna pesa. Lightroom 6 ya mwaka 2015 ndiyo ya mwisho kuuzwa kwa malipo ya mara moja. Sasa ni kulipia kila mwezi, kama chumba cha kupanga. Aliyeacha kulipa bado anaweza kufungua katalogi na kutoa picha zake, ila sehemu ya kuhariri hufungwa. Waliong'ang'ania toleo la 6 nao hawakusalimika: mwishoni mwa 2018 ramani yake ilikufa kwa kuwa ilitegemea huduma ya Google, na kamera mpya halizitambui. Affinity Photo iliuzwa kwa malipo ya mara moja, kampuni iliyoitengeneza ikanunuliwa na Canva mwaka 2024, na tangu Oktoba 2025 kazi zake zimo ndani ya programu moja ya Affinity inayotolewa bure. Mfuko umepona, lakini mtumiaji hakuulizwa, na sera ikibadilika kesho hataulizwa pia. (Nakala zilizovunjwa kufuli, zile zinazopita mkono kwa mkono kwenye fleshi, hazistahili aya yake: hazisasishwi, na mara nyingi huja na virusi.)

Anayepiga harusi kila wiki na kulipwa, Lightroom itamrudishia gharama zake kwa muda anaouokoa, mradi atie tiki kile kisanduku leo. Anayepiga kwa mapenzi tu, mwenye bando la kuhesabu, darktable au RawTherapee zinamtosha, ingawa darktable itamsumbua wiki za mwanzo kwa vitufe vyenye majina ya kihandisi. Wa simu na WhatsApp abaki na Snapseed, asipoteze usingizi.

Kabla ya kulipa, ahariri picha za shughuli moja, kisha azifungue kwa programu nyingine aone kilichovuka. Zile zilizoingia kwenye albamu azitoe pia kama TIFF, ambayo karibu kila programu ya kuhariri picha huifungua. Picha ya megapikseli 24 kwa biti 16, bila kubanwa, hula kama megabaiti 144, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 itabeba karibu 7,000. Zilizobaki zitoke kama JPEG ya ubora wa juu.