Karatasi yako ni ngao: neno letu kwa vijana wanaoanza kazi ya kamio

Vijana wenzetu wa Lemera, wa Uvira na wa bonde lote la Ruzizi,

Hadithi hii tunaijua wote. Familia inauza ng'ombe, inaongeza pesa ya likelemba, kijana ananunua Fuso ya okazyoni. Siku ya kwanza anapakia mihogo na maharagi Lemera, anashuka mlima mpaka kwenye barabara namba 5, anageuza uso kwenda Uvira. Bariere ya kwanza: "Leta makaratasi." Haiko. Anaacha kitu kidogo, kamba inashuka, anapita. Anacheka, anaona amekuwa mjanja.

Sisi tunasema: siku ile njo ameanza kupoteza kamio yake.

Tupige hesabu pamoja. Tuseme kila bariere unaacha franka 5000. Bariere sita kwenda, sita kurudi, safari nane kwa mwezi. Ni franka 480 000, na hauna hata kitansi moja mkononi. Kesho unarudi, wanakuomba tena, juu wanajua tayari kama hauko na kitu cha kuonyesha. Karatasi unailipa mara moja, inakutumikia mpaka tarehe yake imalizike. Lakini woga unaulipia kila siku.

Basi, kabla ya kuwasha moteri, angalia uko na nini. Permi ya kategori C, ile ya gari kubwa, si ya gari ndogo uliyoazima kwa kaka. Kati rozi na plake kwa jina lako, si kwa jina la yule aliyekuuzia. Asiransi: tangu sheria ya 2015, SONAS haiko tena peke yake, unaweza kulinganisha bei, lakini hakikisha kampuni iko na ruhusa ya serkali. Kontrole teknike, vinyeti, ruhusa ya kusafirisha mizigo. Ukilipa peyaje ya FONER, chunga kitansi. Na biashara yenyewe iandikishe. Kongo iko ndani ya OHADA tangu 2012, na sheria yake inamruhusu mtu mwenye biashara ndogo kujitangaza kama "entreprenant", bila kulipia tangazo lenyewe. Wengi wetu hatujaambiwa hilo.

Andika tarehe ya mwisho ya kila karatasi kwenye kaye moja. Kila safari weka pembeni pesa kidogo ya asiransi ya mwaka kesho, kama vile unavyoweka ya mazutu.

Tunasikia mnatujibu: "Hata mwenye karatasi zote wanamlipisha!" Ni kweli, hatutafichana. Mwaka 2017 wachunguzi wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walitoa ripoti: bariere 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Zingine za watu wenye kuvaa uniforme ya serkali, zingine za makundi ya silaha. Na Katiba yetu, kifungu cha 174, inasema kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Kamba iliyofungwa kwenye miti mbili si sheria.

Lakini angalia tofauti. Asiye na karatasi, akilalamika, wanamuuliza: "Na wewe ni nani?" Mwenye karatasi anaweza kuuliza: "Ninalipa juu ya nini? Kitansi iko wapi?" Hatuambii mtu abishane na bunduki usiku. Uhai kwanza. Ukilazimishwa kulipa, lipa, ufike nyumbani. Kisha andika: siku gani, mahali gani, pesa ngapi. Madaftari ishirini ya mashofere ishirini ni ushahidi. Kifungu cha 27 kinaturuhusu kupeleka petisyo kwa mamlaka, mtu mmoja ao kwa pamoja, na mamlaka inapaswa kujibu kwa miezi mitatu. Tuitumie.

Kuna neno lingine zito kuliko pesa. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, kamio ya mafuta ilipinduka. Mafuta yakatiririka, watu wakakaribia kuangalia na kuchota, wengine walikuwa ndani wanaangalia mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka. Watu zaidi ya 230 walikufa. Kila mara tunapopita Sange tunakumbuka: freni, pine, mwendo na uzito wa mzigo si mchezo kati ya shofere na polisi. Ni maisha ya watu wenye kukaa kando ya barabara. Kontrole teknike ya kununua, bila fundi kugusa gari, ni udanganyifu juu ya mama zetu wanaopanda juu ya magunia kutoka Lemera.

Kwa hiyo tunadai kwa viongozi:

1. Bei ya kila taksi ibandikwe kwenye kila bariere ya serkali, kwa Kiswahili, na kitansi itolewe bila kuombwa.
2. Bariere zisizo na sheria ziondolewe.
3. Maofisi yanayotoa karatasi yashuke bondeni na kupanda Lemera kwa siku zinazojulikana, kusudi kijana asipoteze wiki nzima na nauli akitafuta mhuri mjini.
4. Barabara ya Lemera itengenezwe. Hamuwezi kudai freni nzuri kwenye mashimo ya namna ile.

Na kwetu sisi vijana tunadai moja tu: tuache kujisifu kwamba tumepita bila karatasi. Serkali isiyofuata sheria tutaikemea vizuri tukiwa sisi wenyewe tunaifuata. Safari njema, mizigo ifike, na nyinyi pia mfike.