Afande, Usiwe Gari la Pili

Tuseme ni saa saba za usiku jijini Nairobi. Taa ni nyekundu, barabara iko wazi, na kijana amekaa ndani ya Subaru aliyoazimwa na mjomba wake. Gari jingine linasimama ubavuni. Dereva wake anashusha kioo, anamtazama, kisha anakanyaga mafuta mara mbili tatu huku gari limesimama palepale. Mwaliko huo hauhitaji mkalimani. Taa inageuka kijani, magari yote mawili yanaruka, na mita mia tatu mbele kijana anaona taa za buluu zikimulika ndani ya gari lilelile lililomchokoza.

Je, kijana huyu amekamatwa au ametegwa?

Ndugu msomaji, naomba tulijibu swali hili sasa, kabla halijafika kortini likiwa na jina la mtoto wetu au la maiti wetu. Rai yangu ni fupi. Polisi wawasake wanaogeuza barabara za umma kuwa viwanja vya resi, tena kwa bidii kuliko wafanyavyo leo. Wafiche sare wakitaka. Ila askari asishiriki resi hiyo, wala asimtume mtu ashiriki kwa niaba yake.

Tuanze na hatari, maana bila hatari hakuna kesi. Katika miaka ya karibuni barabara za Kenya zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na kundi linaloongoza kwa vifo ni la waendao kwa miguu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa kwenye lami kavu huhitaji takriban mita 28 kusimama, ukihesabu na ile sekunde moja ya dereva kushtuka. Likifika kilomita 140 kwa saa, huhitaji karibu mita 150. Mama mboga anayevuka alfajiri kwenda Marikiti, au mlinzi anayetoka zamu, hupima umbali wa gari kwa mazoea ya magari ya kawaida. Anaona taa kwa mbali, anajua ana nafasi, anatia mguu barabarani. Hesabu yake ni sahihi kwa gari la kilomita 50. Kwa gari la resi amekwisha.

Kwa hiyo sina neno na askari kanzu kwa sababu tu amevaa kiraia. Yako maovu ambayo hayaonekani na mwenye sare. Anayeuza dawa za kulevya hamuuzii afande mwenye kofia, na mla rushwa hafungui droo mbele ya bunduki. Ndiyo maana wapelelezi wa ufisadi hutumia noti zilizopakwa unga maalumu. Mlalamishi anazipeleka ofisini, mshukiwa anazipokea na kuzihesabu, mlango unafunguliwa, na viganja vyake vinapanguswa kwa pamba ili unga ule utoe ushahidi. Mtego wa namna hiyo, ukiwekwa baada ya malalamiko ya kweli, una mpaka. Noti zinarudi, mlalamishi anarudi kwake, hakuna aliyevunjika mguu.

Resi haina mpaka huo. Hakuna mwendo wa kuigiza wala mgongano wa majaribio. Askari akikubali kushindana, kosa linatendeka zima zima, na hatari yake haipungui hata chembe kwa kuwa dereva mmoja ana kitambulisho cha kazi mfukoni. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Hapa asiyekuwamo ni yule mama mboga, na mtego wenyewe umewekwa na watu wanaolipwa kwa kodi yake.

Kuna jambo jingine. Resi ya barabarani huhitaji magari mawili. Usiku ule kwenye taa, gari la pili lisingekuja, huenda kijana angengoja kijani akaenda zake kulala. Huenda pia angempata mshindani mwingine taa zinazofuata. Hatujui, na hakimu naye hatajua, kwa sababu serikali imeshaivuruga picha.

Mahakama zimesumbuka na swali hili kwa muda mrefu. Mwaka 1930, Marekani ikiwa bado imepiga marufuku pombe, ofisa mmoja wa serikali alifika nyumbani kwa bwana aitwaye Sorrells katika jimbo la North Carolina akijifanya mtalii. Akaomba wiski, akaambiwa haipo. Wakazungumza, ikabainika kwamba wote wawili walipigana Vita Kuu ya Kwanza katika divisheni moja. Mazungumzo yakanoga, na mgeni akaomba tena, safari hii kama askari anayemwomba askari mwenzake. Mwishowe Sorrells akatoka, akarudi na nusu galoni, akapokea dola 5, akakamatwa. Mwaka 1932 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu yake, ikishikilia kwamba sheria haikutungwa ili maofisa wamshawishi mtu asiye na hatia kutenda kosa halafu wao wenyewe wamwadhibu.

Uingereza ilipita njia tofauti kidogo. Katika kesi ya Looseley ya mwaka 2001, majaji wa House of Lords waliutazama zaidi mwenendo wa polisi kuliko tabia ya mshtakiwa: je, walimpa nafasi ya kawaida ambayo mtu yeyote angeweza kumpa, au walilitengeneza kosa wenyewe? Wakilitengeneza, kesi inaweza kusimamishwa, kwa sababu kuiendeleza ni kuichafua mahakama. Fikra hiyo imefika kwetu. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya iliikubali hoja ya kutegwa katika shauri la Mohamed Koriow Nur dhidi ya Mwanasheria Mkuu, lililotokana na uchunguzi wa rushwa. Na Katiba yetu, ibara ya 50(4), inaagiza ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki ukataliwe iwapo kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utendaji wa haki.

Sasa niwageukie vijana, kwa upendo lakini bila kupepesa. Msiisome aya hiyo mkadhani mmepewa ngao. Mahakama hutofautisha aliyesukumwa na aliyefunguliwa tu mlango akaingia kwa miguu yake. Ukienda barabarani kila Ijumaa usiku na gari lililotiwa turbo, ukapanga dau na wenzako, ukakimbizana nao, huwezi kusimama kizimbani ukasema askari ndiye aliyekutia tamaa. Ukiua, Sheria ya Trafiki inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10, na hakuna wakili atakayemrudisha marehemu. Gari la pili likikunguruma ubavuni, liache liende. Hujashindwa chochote.

Na siku utakapokamatwa, kwa haki au kwa kuonewa, jua ulilonalo. Ibara ya 49 inakupa haki ya kuelezwa mara moja sababu ya kukamatwa kwako kwa lugha unayoielewa, haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili, na haki ya kufikishwa mahakamani mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kupita ikiwa ni siku za kawaida za mahakama. Ukiamini askari ndiye aliyeanzisha resi, usibishane naye kandokando ya lami, na usitoe kitu kidogo ili yaishe. Andika saa, mahali, nambari ya gari na maneno yaliyosemwa. Mweleze wakili wako, kisha ipeleke habari hiyo kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi.

Nanyi maafande wetu, kazi yenu ni ngumu na ya usiku, na hatuwaombi mlale. Simameni pale resi zinapoanzia. Pigeni picha, nakilini nambari. Nendeni asubuhi nyumbani kwa mwenye gari na picha mkononi, mumuulize nani alikuwa usukani. Ikibidi mtumie askari kanzu, awe mtazamaji na shahidi, na kibali cha mkubwa wake kiwe kwa maandishi kabla hajatoka kituoni. Msimtumie mpashahabari awachokoze madereva kwa ahadi ya kusamehewa kesi yake. Na msiwafukuze kwa kasi katikati ya mitaa ya watu, maana msako wa namna hiyo nao ni resi, hata ukipewa jina la kazi.

Wazazi na wajomba, mnajua funguo zinalala wapi. Nanyi mnaosimama kando mkirekodi kwa simu na kushangilia, makofi yenu ndiyo mafuta ya shughuli hiyo. Badala ya kurekodi, pigeni 999 au 112.

Lakini kukataza peke yake hakutatosha katika nchi inayopenda magari kama yetu. Safari Rally ilianza mwaka 1953 na ikarejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Watoto wetu wamelelewa na sifa za madereva wa mbio hizo kama Joginder Singh, Shekhar Mehta na Patrick Njiru, na hatuwezi kuwapa sifa hizo kisha tukashangaa wakitaka kukanyaga mafuta. Mjini San Diego, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, ulianzishwa mpango wa RaceLegal. Sehemu ya kuegesha magari ya uwanja wa Qualcomm iligeuzwa njia ya mbio fupi za thumuni ya maili, chini ya usimamizi, huku polisi wakiendelea kukaza kamba mitaani. Hapa kwetu pia mashindano kama Kiamburing TT yameonyesha kwamba barabara inaweza kufungwa, watu wakakaa mbali, na dereva akashindana na saa. Tatizo ni kwamba nafasi hizo ni chache, ziko mbali, na ada zake humshinda kijana wa gari la kuazima.

Basi wiki hii mtafute mwakilishi wadi wako, au simama kwenye baraza lijalo la ushirikishaji wa umma, uombe mambo mawili. Kwanza, kaunti itenge mahali pa wazi, hata mara moja kwa mwezi, ambapo kijana anaweza kulijaribu gari lake chini ya usimamizi na kwa ada anayoimudu. Pili, kituo chenu cha polisi kitamke hadharani, kwa maandishi, kwamba askari wake na wapashahabari wake hawatashiriki resi wala kuianzisha. Mkinyimwa la pili, ulizeni sababu, na msiondoke mpaka mjibiwe.