Bunduki Iingiapo Mlangoni Iwe Tupu

Katika nchi ya Marekani, ambako bunduki huuzwa dukani kama majembe yauzwavyo kwetu, ni jambo la kawaida kukuta katika mlango wa duka la silaha tangazo linalomwomba mteja asiingie na bunduki yenye risasi ndani. Wapo wanaolicheka tangazo hilo. Husema kwamba mwenye duka anaishi kwa kuuza bunduki na risasi, basi vipi aziogope zikiwa kiunoni mwa mteja wake? Anayecheka hivyo hajapima jambo lenyewe. Mwuza bunduki ndiye anayezifahamu kuliko mtu mwingine yeyote, na kwa sababu anazifahamu, hataki kuiona iliyojaa risasi ikizungushwa mbele ya meza yake.

Swali letu ni hili: je, inafaa wenye maduka ya silaha wawaombe wateja wao waje na bunduki tupu? Na ikiwa yafaa kwa mwuza bunduki, kwa nini isifae kwa ofisi ya kijiji, kwa ghala la korosho, kwa zahanati na kwa kilabu cha pombe? Jibu letu ni kwamba yafaa kote, na kwamba mahali pa kuanzia ni pale pale bunduki inaponunuliwa.

Tuanze na duka. Bunduki hupelekwa dukani kwa sababu maalumu: imeharibika mtambo, inatafutiwa risasi za kipimo chake, au mwenyewe anataka kuiuza au kuibadilisha. Kwa kila sababu hiyo lazima itolewe ilikofichwa, ishikwe na mtu wa pili, igeuzwe huku na huku, na kifyatulio chake kijaribiwe. Hakuna mahali bunduki inaposhikwa na mikono mingi kwa muda mfupi kama hapo. Risasi moja iliyosahaulika ndani yatosha kumwua fundi, karani au mteja aliyesimama nyuma. Na risasi husahaulika kwa urahisi. Mwenye bastola huchomoa magazini akadhani amemaliza kazi, kumbe risasi moja imebaki katika chemba. Ajali nyingi za bastola huanzia katika dhana hiyo ya kwamba silaha ni tupu.

Hapa kwetu maduka ya silaha ni machache, na huwezi kuuza wala kununua bunduki bila idhini ya Serikali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991, imeweka masharti ya nani amiliki, nani auze na nani atoe kibali. Masharti hayo ni mazuri. Lakini kibali huchunguza mtu siku anapoomba. Tabia yake ya kila siku, yaani namna anavyoibeba silaha yake, anapoiegemeza na anayemwachia aishike, hiyo hufundishwa na jamii anamoishi. Ndiyo maana jambo hili linalihusu duka la mjini na linawahusu pia wananchi wa Kitangari.

Katika Uwanda wa Makonde, kutoka Newala hadi Kitangari na kuteremka kuelekea Masasi, bunduki inayofahamika zaidi mikononi mwa mkulima ni gobore. Kazi yake ni kulinda mihogo, mahindi na karanga dhidi ya nguruwe-pori, nyani na ngedere. Mkulima anayelala shambani wakati mazao yanapokomaa hana anasa ya kuchagua. Akisinzia usiku mmoja, chakula cha miezi kadhaa kimekwenda. Hatumlaumu kwa kuwa na gobore lenye kibali. Tunachouliza ni hali ya gobore hilo anaporudi nalo kijijini asubuhi.

Msomaji asiyelijua gobore yampasa aelewe jambo moja. Bunduki ya kisasa humwagwa risasi kwa kuvuta mtambo. Gobore hushindiliwa kwa mdomoni: baruti kwanza, kisha kizibo, kisha gololi au vipande vya chuma, vyote vikisukumwa kwa mdeki. Likisha kushindiliwa, njia nyepesi ya kulifanya tupu ni kulifyatua. Baruti hugharimu fedha, na mkulima aliyekesha bila kumwona nguruwe hataki kuichoma bure. Basi hurudi nalo vile vile, limejaa, akapitia dukani kununua chumvi, akalisimamisha ukutani, akaenda kuzungumza na wenzake. Mtoto akilisukuma, au mbwa akipita, likianguka na nyundo yake ikagonga fataki, hakuna atakayeuliza tena kama baruti ilikuwa ghali.

Kwa hiyo, kumwambia mwenye gobore "ondoa risasi" bila kumwambia namna ya kuziondoa ni kutoa amri isiyotekelezeka. Lililo ndani ya uwezo wake ni hili: kabla hajaacha shamba, alifyatue mahali salama au aivute shindilio yake kwa mdeki wenye parafujo. Na asipoweza hayo kwa siku hiyo, walau aiondoe fataki, aitie mfukoni, na gobore lenyewe lisiingie kabisa katika nyumba ya watu. Kuondoa fataki ni kazi ya nukta chache, haipotezi hata punje ya baruti, na hupunguza sana hatari. Haitoshi kuliita gobore hilo tupu, lakini ni hatua ambayo hakuna mwenye udhuru wa kutoichukua.

Gobore si silaha pekee. Msimu wa korosho ufikapo, fedha huingia uwandani kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Maghala hujaa, magari huja kutoka mbali, na pamoja nayo huja walinzi wenye bunduki na wafanyabiashara wenye bastola viunoni. Watu hawa huingia katika ofisi za vyama vya msingi, katika nyumba za wageni na katika vilabu. Hapo ndipo silaha, fedha, ugomvi wa vipimo na pombe hukutana chini ya paa moja. Mabishano ambayo miaka yote yamemalizwa kwa maneno makali na usuluhishi wa wazee, yakipata bastola iliyojaa huweza kumalizwa na msiba.

Kuna sababu nyingine inayowahusu hasa watu wa kusini. Uwanda huu unautazama Mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Tangu Oktoba 2017 Jimbo la Cabo Delgado limekumbwa na mashambulizi ya watu wenye silaha, na Oktoba 2020 moto huo ulivuka mto, kijiji cha Kitaya katika Mkoa wa Mtwara kikashambuliwa. Katika mazingira ya namna hiyo, mwananchi anayemwona mtu akiingia sokoni na bunduki iliyo tayari ana haki ya kuingiwa na hofu, na askari anayemwona ana sekunde chache tu za kuamua kama huyo ni rafiki au adui. Mkulima mwema anayezoea kuingia na bunduki yake wazi, ikiwa imefunguliwa mtambo au imeondolewa fataki, hujilinda yeye mwenyewe kwanza. Kila mtu hutambua kwamba hana nia mbaya.

Wapo watakaosema kwamba jambazi hatasoma tangazo. Ni kweli, jambazi hasomi tangazo, kama ambavyo mwizi hasomi Kanuni ya Adhabu. Hata hivyo hatujafuta sheria ya wizi. Tangazo la mlangoni halikuandikwa kwa ajili ya jambazi. Limeandikwa kwa ajili ya mtu mwema mwenye haraka, mtu aliyelewa kidogo, mtu aliyekasirika, na mtu aliyesahau. Hao ndio wengi kati yetu, na hata sisi huweza kuwa mmoja wao kwa siku fulani. Tena faida yake ya pili ni kumfichua mwenye nia mbaya: pale ambapo wote huingia na silaha tupu, anayekataa hujulikana mara moja.

Wengine watauliza: je, liwe ombi au liwe amri? Mwezi Septemba 2013 kampuni ya kahawa ya Starbucks iliwaomba wateja wake Marekani wasije na bunduki katika migahawa yake, ikaeleza wazi kwamba hilo ni ombi wala si marufuku. Septemba 2019 kampuni ya Walmart, ambayo yenyewe huuza bunduki za kuwindia, iliwaomba wateja wasibebe silaha hadharani madukani mwake. Ombi hilo lilikuja mwezi mmoja baada ya mtu mwenye bunduki kuua watu zaidi ya 20 katika duka lake la El Paso, Texas. Tujifunze kutokana na mpangilio wa matukio hayo. Mwuza bunduki aliomba baada ya maiti kuhesabiwa. Wahenga wetu walikwisha kusema: tahadhari kabla ya hatari.

Kwa maoni yetu, katika duka la silaha, katika ofisi ya umma na mahali panapouzwa pombe, ombi halitoshi. Liwe sharti la mwenye mlango, na asiyelitimiza asihudumiwe. Katika maduka ya kawaida na majumbani, ombi la heshima linatosha, maana watu wetu wana adabu ya kusikia wanapoombwa vizuri. Mgeni huvua viatu mlangoni bila kudhani ametukanwa. Vivyo hivyo mwenye bunduki asidhani amedharauliwa akiombwa aje nayo tupu.

Lakini sharti hili nalo lina hatari yake endapo litatekelezwa ovyo. Ukimwambia mteja atoe risasi hapo hapo mezani, umeleta kitendo cha hatari katikati ya watu, kwa kuwa ni wakati wa kuitoa risasi ndipo kidole huteleza. Risasi zitolewe kabla ya kufika mlangoni. Majeshi na polisi wa nchi nyingi hutumia njia ambayo haina gharama kubwa: pipa lililojazwa mchanga huwekwa nje, mahali pasipopita watu, na mwenye silaha huielekeza humo mdomo wake anapoikagua. Risasi ikitoka kwa bahati mbaya, huishia mchangani. Ni kijiji gani katika Wilaya ya Newala kinachoshindwa kupata pipa kuukuu na mchanga?

Sasa tuseme lile ambalo wengi hulikwepa. Sharti hili litaheshimiwa au litadharauliwa kutokana na namna litakavyomfikia mkubwa. Ikiwa mwenye gobore atasimamishwa nje ya ofisi na kuhojiwa, huku bwana mwenye bastola, gari na cheo akipita bila kuulizwa, wananchi wataelewa kwamba lengo halikuwa usalama. Wataona ni njia nyingine ya kumsumbua mkulima. Bastola haipungui ukali kwa sababu mwenyewe amevaa suti. Tena ile inayofichwa ndani ya koti na kuingia kilabuni usiku ina hatari kuliko gobore la shambani, kwa kuwa hakuna anayeiona. Kiongozi mwenye silaha ya halali awe wa kwanza kuikagua penye pipa la mchanga, mbele ya macho ya wote. Akifanya hivyo mara mbili, hakutahitajika mkutano wa kuwaelimisha wengine.

Nidhamu hii si ngeni kwa watu wa uwanda huu. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza Septemba 1964, wakazi wa mpakani waliishi jirani na bunduki na mabomu ya Wareno. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitaka umma ufunzwe kuilinda nchi, na mgambo wakafunzwa vijijini. Somo la kwanza la kila anayefunzwa silaha, kabla ya kulenga shabaha, ni kuikagua: bunduki yoyote ihesabiwe kuwa ina risasi hadi uthibitishe kwa macho yako mwenyewe. Nchi iliwapa wananchi silaha kwa imani, na imani hiyo ilikwenda pamoja na utii wa somo hilo. Anayemiliki bunduki leo kwa kibali amepewa imani ile ile.

Watumishi wa umma na walimu wana sehemu yao, nayo haihitaji kusubiri waraka kutoka makao makuu. Mtendaji wa kijiji anaweza kuandika tangazo kwa mkono na kulibandika mlangoni. Katibu wa chama cha msingi anaweza kukubaliana na walinzi wa ghala kabla ya msimu kufunguliwa. Mwalimu, pamoja na wanaofunzwa ualimu katika Chuo cha Kitangari, wanaweza kuwafundisha watoto jambo moja jepesi: ukiiona bunduki, usiiguse, mwite mtu mzima. Na mwenye duka la silaha, kila anapomkabidhi mteja bunduki mpya, amwonyeshe kwa vitendo namna ya kuikagua, kisha amwambie: ukirudi hapa, irudi tupu.

Tangazo la mlangoni halimnyang'anyi mtu silaha yake wala halimzuii kulinda shamba lake. Linamtaka achukue hadhari ndogo ambayo itamgharimu nukta chache. Akipuuza, gharama hulipwa na mtoto aliyekuwa akicheza karibu na ukuta wa duka, na majuto ni mjukuu.