Rangi ya Grisi Haipimi Joto

Lori lililopakia alizeti Ulemo, wilayani Iramba, likielekea Nzega hulazimika kuteremka mlima Sekenke. Lori la tani 20 likishuka mita 100 kwa wima hutoa nishati ipatayo megajuli 20, na dereva asiyetumia gia nzito huiachia karibu yote igeuke joto katika ngoma za breki. Joto hilo lingeweza kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji. Karibu kabisa na ngoma hizo zimo beringi za magurudumu, nazo zimepakwa grisi.

Grisi gani? Katika gereji nyingi za barabarani jibu hutolewa kwa rangi: nyekundu ni ya joto, ya manjano ni ya kawaida. Imani hii haina msingi wowote. Rangi hutiwa kiwandani, na viwanda viwili vyaweza kutia rangi moja katika grisi zisizofanana hata kidogo.

Yafaa ifahamike kwamba grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni, kama maji yashikwavyo na sifongo. Sabuni ikishindwa na joto, mafuta hutiririka. Grisi ya kawaida ya sabuni ya kalsiamu, ambayo huhitaji maji kidogo ili ishikamane, huanza kudondoka karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Ile ya lithiamu hustahimili hadi kama nyuzi 180, ingawa haifai kufanyishwa kazi muda mrefu karibu na kiwango hicho. Ya lithiamu changamano hupita nyuzi 250. Grisi ikitiririka mteremkoni, beringi hubaki kavu; na lililo baya zaidi, mafuta yakipenya sili hufika kwenye lainingi, na breki hupungua nguvu pale pale zinapohitajiwa.

Si kwamba ya kalsiamu ni mbovu. Haiogopi maji, na kwa ekseli ya mkokoteni wa ng'ombe inatosha kabisa. Boliti za bomba la moshi nazo zahitaji kitu kingine: mchanganyiko wenye unga wa grafaiti au shaba, ambao mafuta yake yakiungua, unga hubaki na kuzuia nati isigande. Mchanganyiko huo usitiwe kwenye beringi. Wala grisi mpya isiongezwe juu ya ya zamani isiyojulikana, maana sabuni mbili zisizopatana huweza kulegezana. Beringi ioshwe kwanza.

Kumlaumu fundi ni rahisi, lakini si haki. Fundi huyo alipita shuleni, akaona mwalimu akibandika pini kwa nta kwenye ufito wa chuma na kuupasha moto ncha moja, ili darasa lione joto likisafiri. Jaribio hilo hilo lingetosha. Badala ya nta, matone mawili ya grisi, yaliyo sawa kwa ukubwa, yawekwe bega kwa bega, umbali mmoja kutoka kwenye moto mdogo, chini ya uangalizi wa mwalimu. Moja litaanza kutiririka kabla ya jingine. Kisha wanafunzi wasomeshwe maandishi madogo yaliyo kwenye kopo, yanayotaja aina ya sabuni na kiwango cha kudondoka, na waulizwe ni lipi kati ya makopo hayo wangelipanda nalo lori la kuteremka Sekenke.